Nilisema Iko Sawa

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa chini na si juu ya paa, maana Mama ameniambia unataka kugongelea mabati mwenyewe, kwa umri huo. Mimi mzima. Chumba ni kilekile cha ghorofani, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na mwenye nyumba bado anahesabu ndoo zangu za maji kama mtu anayehesabu ng'ombe wake zizini.

Nimekubali kuandika kwa kalamu kwa sababu simu umeikataa. Dunia nzima inatumiana ujumbe kwa kidole kimoja, wewe unataka stempu. Kila nikipiga nikamwomba Mama akupe, ananiambia, "Mjomba wako yuko nje." Huko nje kuna nini, Mjomba? Umeoa?

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Mama anasema unawaambia watu mimi ni daktari. Mimi si daktari. Daktari wa meno anatutumia umbo la mdomo wa mgonjwa kwenye kompyuta. Mimi naweka kisahani cheupe kwenye mashine, kinene kama sabuni ya kipande, na mashine inakichonga mpaka inatoa jino. Hicho kisahani kinaitwa zirkonia. Kikitoka kwenye mashine ni laini kama chaki, ukikibana kinavunjika. Kikishachomwa kwenye tanuri kinakuwa kigumu kuliko jino lako na langu. Tangu mwenzangu aondoke mwezi wa kumi na moja, mashine naiendesha peke yangu.

Kinachonisumbua ni biti. Ni vijiti vya chuma vyembamba kama njiti ya kiberiti, na ndivyo vinavyochonga. Zamani vilikuwa vinaimba sauti moja, ziii, kama mbu aliyeshiba. Wiki mbili hizi biti ya kati inakwaruza. Kofia ya jino, ile ya kuvalisha jino bovu, ikitoka, ule ukingo wake unaokutana na fizi unakuwa umelikalika kama biskuti iliyotembelewa na panya. Naulainisha kwa mkono, kazi inapita. Kwenye kioo cha mashine kila biti ina alama yake: kijani ni nzima, njano inakaribia kuisha, nyekundu itoe. Hii yangu ni kijani.

Nikimwambia bosi, anasema bado. Mzigo wa biti mpya uko njiani, bado. Mashine inasema kijani, kwa hiyo bado. Sisi tumempa jina la Bado, na mwenyewe bado hajajua.

Baba alikuwa akisema wewe unaijua biti iliyochoka hata ukiwa upande wa pili wa ukuta, kwa sikio tu. Kwa hiyo nimerekodi sauti yake. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo nyeusi. Ichomeke kwenye redio ya Mama, usikilize, kisha uniambie: imekufa, au ni mimi nina wasiwasi?

Mpwa wako,
Chiriku


3 Machi

Chiriku,

Marahaba. Paani nilishapanda na nilishashuka, tena kwa miguu yangu. Sijaoa. Mama yako anasumbuliwa na goti asubuhi, likishapata joto linamsahau. Amenunua vikombe vipya sita, na kimoja nimeshakivunja, kwa hiyo ukija utasikia habari zake kabla hujavua viatu.

Kadi yako imefika tupu. Niliichomeka kwenye redio mara tatu, nikaigeuza hivi na hivi, hakuna kitu. Nadhani hawa watu wa posta waliikalia.

Lakini hata ingekuwa na kitu, sikio usilitegemee sana. Sikio linazoea. Mtu anayeishi jirani na kinu hasikii kinu. Mimi nimekereza vyuma miaka arobaini, na nakwambia weka kiganja. Mashine ikiwa inafanya kazi, iwekee kiganja ubavuni. Biti nzima inakutetemesha kwa upole, kama paka aliyelala mapajani. Iliyochoka inashtuka, inaacha, inashtuka tena. Halafu angalia vumbi lake. Likiwa laini kama unga, biti inakata. Ukiona punje na vibanzi ndani yake, ujue haikati tena, inavunja. Na chukua kazi uliyoifanya biti ikiwa mpya, uiweke sambamba na ya leo, juani, si chini ya taa. Taa ina huruma. Jua halina.

Kisha uwe na daftari. Kila biti uandike imechonga meno mangapi mpaka siku ilipochoka. Inayofuata uitoe kabla haijafika hapo. Watu wengi wanangoja ivunjike ndipo waitoe. Siku ya kuvunjika umeshachelewa, mwanangu. Biti inatolewa ikiwa bado inakata, na hapo ndipo mabosi wote duniani wanakuona mwendawazimu.

Jambo jingine. Mashine haiwezi kusema kijani kwa biti iliyochoka isipokuwa imedanganywa. Kuna mtu anairudisha hesabu yake ya meno kwenye sifuri. Ni nani?

Hayo ya baba yako na ukuta yaache. Watu wakimpenda mtu wanamwongezea.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amenieleza habari za kikombe kwenye simu, dakika kumi nzima. Nimekutetea kidogo, halafu nikachoka. Mimi nimepata mafua yakaisha. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijivu, na sasa wapangaji wote tuna soli za kijivu.

Kiganja nimeweka. Mjomba, inashtuka. Vumbi nimelichota kwenye karatasi nyeusi, lina punje kama sukari. Biti nimeitoa nikaitazama kwa kioo cha kukuza: ncha yake imeviringika kama penseli ya mtoto wa chekechea, na upande mmoja umemeguka. Nikampelekea bosi ofisini, juu ya karatasi, kama mtu anayepeleka mdudu aliyemkuta kwenye chakula.

"Bosi, hii imekufa."

"Inakata haikati?"

"Inakata, lakini inamega ukingo, na..."

"Kama inakata, bado." Akaniangalia kwa upole kabisa, Mjomba, hajawahi kunifokea hata siku moja. "Mzigo uko njiani. Unataka tufunge maabara? Wagonjwa wakae na mapengo? Wewe una mkono mzuri, lainisha."

Nikairudisha biti mahali pake.

Jana tumetoa daraja. Ndivyo tunavyoita meno kadhaa yaliyoshikana kuwa kitu kimoja. Hili lilikuwa la meno manne ya mbele, la yule mama anayetangaza mabasi stendi kuu. Hata wewe ulimsikia siku uliyonisindikiza. Alitangaza basi lako mara mbili na ukasema mwanamke huyu angeweza kuuza maji mtoni. Aliangukia ukingo wa ngazi akavunjika meno. Nilifurahi kazi yake kuja kwangu. Daraja lilitoka kwenye tanuri linang'aa. Nikaenda nalo dirishani, kwenye jua, kama ulivyoniambia. Kati ya jino la pili na la tatu, kule nyuma, niliona kitu kama unywele. Labda ulikuwa unywele. Nilipuliza. Daktari alipiga simu kuulizia kazi yake, tukaongea, akamtuma mtu kuja kuichukua.

Kadi nimeituma tena. Safari hii nimeijaribu kwanza kwenye redio ya jirani. Tafadhali sikiliza. Nataka mtu mwingine aseme, nisiwe peke yangu.

Lile swali lako la sifuri nitakujibu siku nyingine, karatasi inaniishia.

Chiriku


22 Aprili

Chiriku,

Nimechelewa, nisamehe. Barua yako ilikaa posta na mimi nilikaa nyumbani, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama yako mzima. Mvua imeanza, na paa halivuji hata tone, mwambie yeyote aliyekuwa na mashaka.

Karatasi yako haikuwa imeisha. Ilibaki nusu ukurasa mweupe.

Kadi imefika tupu tena. Usiitume mara ya tatu.

Sikiliza sasa. Unywele haukai ndani ya jino. Ule ni ufa. Biti iliyochoka iliutia wakati kitu bado ni chaki, na tanuri likaufunga ndani. Hilo daraja lirudishwe. Usimngoje bosi. Mpigie daktari leo, ukimaliza kusoma mstari huu, uweke barua chini upige. Mwambie hujui, mwambie una shaka, mwambie umeota, mwambie chochote, ila lisikae mdomoni mwa mtu.

Najua nasema rahisi. Mimi niko huku na kalamu, wewe uko huko na bosi. Lakini piga.

Mjomba


5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia tarehe mbili. Daraja lilivunjika tarehe ishirini na saba.

Siku tano tu, Mjomba. Lakini nisiisingizie posta. Ule ufa niliuona mimi mwezi wa tatu, sikuhitaji stempu ya mtu.

Wanasema alikuwa anatangaza basi la saa nne. Katikati ya neno daraja likakatika. Jino moja lilimtoka likaanguka kwenye meza ya kipaza sauti. Alipovuta pumzi kwa mshtuko, kipande kingine akakivuta nacho, kikaingia kifuani. Stendi nzima ilimsikia akikohoa kwenye vipaza sauti, watu wakadhani ni mzaha, hakuna aliyekwenda kuvizima. Hospitali walimpitishia mpira kooni mara mbili ndipo wakakitoa. Yuko hai. Sauti imebaki kama ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa shuka.

Daktari alikuja maabara mwenyewe. Aliweka kichupa juu ya meza, ndani yake vipande vitatu, akauliza, "Hiki ni nini?" Bosi akakiinua, akakitazama kwenye mwanga, akasema taratibu kwamba wagonjwa wengine hawaambiliki, huenda alitafuna mfupa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mikono mfukoni. Daktari akanigeukia. Nikaitazama mashine. Akakichukua kichupa chake akaondoka.

Uliniuliza nani anarudisha sifuri. Ni mimi. Bosi alinionyesha mahali pa kubonyeza mwezi wa kumi na mbili. Alisema, "Biti haijachoka, mashine ndiyo yenye woga." Nilibonyeza siku hiyo, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kuniambia, nikiona nyekundu nabonyeza mwenyewe. Nimebonyeza mara saba. Na siku ile daktari alipopiga simu hakuniuliza mengi. Aliuliza, "Daraja la yule mama liko sawa?" Nikasema, "Liko sawa, Daktari." Daraja lilikuwa mkononi mwangu.

Sasa na mimi nina swali, na usiniambie karatasi imeisha. Mama ameniambia kuhusu ile kadi. Anasema siku ya kwanza alikuwa uani anaanika nguo, akasikia kelele ndani kama bati linapasuliwa, akaja mbio. Akakukuta umekaa mbele ya redio, kichwa umekiinamisha, unageuza kadi. Redio inalia nyumba nzima. Ukamwona, ukamwambia, "Haina kitu hii." Mara ya pili hivyohivyo. Alidhani unamtania.

Mjomba, tangu lini husikii?

Chiriku


19 Juni

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata zote. Mama yako mzima, goti limetulia kwa kuwa jua limerudi. Nimeianza barua hii mara nyingi. Nisiposema leo sitasema.

Sikio la kushoto lilikufa kwanza. La kulia lilibaki linasikia kama mtu aliye chini ya maji. Sasa hata hayo maji yamekauka. Midomo naisoma kama mtu yuko mbele yangu na haongei haraka. Mama yako nimezoea midomo yake, tumekua pamoja, nusu ya anayotaka kusema nayajua kabla hajafungua kinywa. Simu ndiyo ilikuwa inaniumbua, ndiyo maana "niko nje". Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa nalicheka neno hilo karakana nzima.

Unauliza tangu lini. Hapo ndipo penye barua yenyewe.

Baba yako alipopoteza jicho ulikuwa na miaka minane. Umeambiwa ilikuwa ajali ya kazini, kipande cha chuma kiliruka. Ni kweli kiliruka. Nitakwambia kilirukaje.

Tulikuwa tunakereza shafti ya pampu, ndefu, inataka watu wawili. Mimi nilikuwa kwenye mashine, shemeji yangu ameshika upande wa pili anapima. Kisu cha kukatia nilikuwa nacho kilekile tangu asubuhi. Wakati ule masikio yalikuwa yameshaanza kunitoka, mwaka mzima, na hapakuwa na mtu anayejua. Fundi mkerezaji asiyesikia, nani atampa mashine? Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kutoka kona nyingine ya karakana kuja kusikiliza mashine za wenzangu. Nilikuwa nakwenda, nainamisha kichwa, natazama vumbi kwa chini, naweka mkono kama naegemea tu, kisha nasema, imechoka, au bado nzima. Mara nyingi nilipatia. Wakazidi kunisifu.

Siku ile nilikuwa na mikono yote miwili kwenye magurudumu ya kuongozea mashine, kiganja cha kuweka sikuwa nacho. Baba yako akainua uso akaniangalia. Nikaona midomo yake: "Hiyo sauti vipi?"

Yeye alisikia, Chiriku. Kisu kilikuwa kinalia na yeye alisikia. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa sikio.

Nilisema, "Iko sawa."

Akainama tena kupima. Kikakatika.

Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali kwa sababu gari la karakana lilikuwa limetoka. Mama yako hunishukuru mpaka leo kwa kumbeba. Mbele ya wageni anasema, "Bila kaka yangu, mume wangu angefia njiani." Miaka kumi na sita nakaa kwenye kiti, nasikiliza nikishukuriwa, na hilo ni moja ya maneno ambayo sihitaji masikio kuyajua. Baba yako alipewa kazi ya kulinda geti. Kila asubuhi alinifungulia geti nipite kwenda kwenye mashine yangu. Hakuniuliza kitu. Sijui kama alijua, na niliogopa kumuuliza mpaka tukamzika.

Uliponiandikia kuhusu biti, nilifurahi kama mtu aliyepewa nafasi. Nikasema, huyu nitamfundisha kila ninachojua. Nikakufundisha kiganja, nikakufundisha vumbi na jua na daftari. La kumwambia mtu "sijui, nina shaka" ndilo sikukufundisha mapema, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kulifanya.

Usimwambie mama yako. Nakuomba. Ningekuwa na haki ningekuamuru, lakini sina.

Mjomba


11 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya mwezi mmoja. Nimeandika majibu manne nikayachana. Moja lilikuwa la matusi. Moja nilikuambia si kosa lako. Yote mawili hayakuwa kweli.

Nianze na ya huku. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia kila kitu, ufa, biti, sifuri, na nilivyomjibu kwenye simu. Alisikiliza amesimama. Akasema, "Asante kwa kuniambia," kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Amehamisha kazi zake kwenye maabara nyingine. Bosi aliniita, hakufoka, aliniambia tu nikabidhi funguo. Wiki iliyofuata ule mzigo uliokuwa njiani ukafika. Najua kwa sababu nilirudi kuchukua koti langu. Boksi la biti mpya lilikuwa juu ya kabati lake, halijafunguliwa. Kwenye mashine wameweka mtu mwingine, dada mmoja mpole sana. Nikasimama nyuma yake kidogo. Biti ilikuwa inakwaruza. Kioo kilikuwa kijani. Nikamwambia, "Dada, hiyo imekufa, mwambie akupe mpya." Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyefukuzwa kazi. "Nimeambiwa bado," akasema.

Nilikwenda pia stendi. Yule mama hatangazi tena, wamemweka mlangoni anakata tiketi. Nilipanga foleni kama abiria. Nilipomfikia nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyechonga yale meno."

Alisema kitu sikukielewa, ikabidi nisogee. Sauti yake haifiki hata upande wa pili wa meza.

"Nauliza, ulijua?"

"Nilikuwa na shaka. Nilijua."

Akakata tiketi ya mzee mmoja aliyepitisha mkono juu ya bega langu. Akakata na ya mkewe. Halafu akasema, "Sasa nikufanye nini? Nikikupiga, itarudi?" Nikasubiri aseme lingine. Akanyoosha mkono kwa aliye nyuma yangu. Watu nyuma walianza kunisukuma, kama sisafiri nipishe njia. Nikapisha.

Sasa yetu. Siwezi kukusamehe kwa niaba ya Baba. Jicho lilikuwa lake na hayupo. Namkumbuka akimwaga chai pembeni ya kikombe kwa sababu alikuwa hapimi umbali vizuri, na Mama akipangusa meza. Nataka kukukasirikia, lakini nikianza tu najikuta nimesimama na mimi pale, daraja mkononi, simu sikioni. Kwa hiyo hata hasira yangu haikati.

Ila kumficha Mama sitaweza. Nimejaribu kwenye simu, ananiuliza, "Mbona kimya, Chiriku? U mzima kweli?" na mimi nakata simu kwa kusingizia mtandao. Anamshukuru mtu kwa kitu asichokijua. Hilo haliwezi kuendelea mpaka naye tumzike.

Kazi sina, chumba nimekiaga. Nafika nyumbani tarehe ishirini Septemba. Mwambie wewe, kabla sijafika. Ukishindwa nitamwambia mimi, na itakuwa mbaya zaidi, wewe unajua.

Chiriku


30 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Chumba chako kimefagiliwa. Godoro limeanikwa.

Nimemwambia.

Nilihangaika siku tatu. Kila nikimkalia mbele, ananitazama usoni ili nimsome vizuri, maana tangu ile kadi ameshajua kwamba sisikii, na anaongea na mimi polepole kama na mgeni. Nikashindwa kusema huku ananitazama hivyo. Jumanne asubuhi nikamkuta jikoni anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nikasimama mlangoni nikasema nikiwa hapohapo. Nilianzia kwenye masikio, nikaja kwenye shafti, nikaja kwenye baba yako alivyoinua uso na mimi nilivyojibu. Sijui nilisema kwa sauti gani. Jirani alichungulia juu ya ukuta, kwa hiyo nadhani nilipiga kelele.

Mikono yake ilisimama ndani ya beseni. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika, yakajaa, yakapita juu ya ukingo, yakafika miguuni mwake, hakuyafunga.

Kisha akaanza kusema. Najua alisema kwa sababu niliona taya lake kwa pembeni, na mabega. Alisema kwa muda mrefu. Mara moja alipiga ukingo wa beseni kwa kiganja, mara moja nilidhani anacheka. Hakugeuka hata kidogo. Alipomaliza akafunga bomba, akajipangusa mikono vizuri, kidole kimoja kimoja, akapita kando yangu akaenda chumbani kwake, akarudishia mlango.

Jioni alinimiminia chai kama siku zote. Kesho yake pia. Hajanitazama usoni tena.

Chiriku, sijui dada yangu alinijibu nini. Labda alisahau kwamba sisikii. Labda alikumbuka, ndiyo maana hakugeuka. Nimesimama mlangoni pake mara mbili leo, na mara zote mbili sikuthubutu kumwomba arudie.

Safiri salama.

Mjomba wako